Tofali, Makopa na Chupa ya Insulini

Anayesafiri kati ya Nachingwea na Ruangwa wakati wa kiangazi huona kando ya njia matofali ya udongo yaliyopangwa mistari yakikaushwa na jua, na mbele kidogo tanuri linalofuka moshi. Wenyeji hawahitaji kufundishwa tofauti ya tofali bichi na tofali la kuchoma. Mvua za kwanza zikilikuta tofali bichi halijafunikwa, hulirudisha kuwa tope, na mwenye nyumba huanza upya. Tofali lililotoka motoni hunyeshewa miaka na miaka wala halirudi kuwa udongo. Jua liliondoa tu maji yaliyokaa baina ya chembe za udongo. Moto uliuvunja udongo wenyewe na kuunda maada nyingine. Walimu wa sayansi huliita badiliko la kwanza la kiumbo, na la pili la kikemikali.

Mfano huu ni mzuri, lakini una hila ndani yake. Unatufanya tuamini kwamba kipimo cha mabadiliko ni kurudi au kutorudi. Barafu huyeyuka ikawa maji, maji huganda yakawa barafu, basi hakuna kilichopotea. Karatasi ikiungua hairudi kuwa karatasi, basi hapo pana kemia. Wengi wetu tulikariri hivyo shuleni, tukajibu mtihani, tukapata alama. Mimi nilikariri pia. Ilinichukua miaka mingi na mgonjwa mmoja kutambua kwamba kipimo hicho, kikitolewa darasani na kupelekwa nyumbani kwa mgonjwa, kinaweza kuua.

Mgonjwa huyo alikuwa bibi wa upande wa Ruangwa, mwenye kisukari, anayetumia insulini ya mchanganyiko. Alifika kliniki na mjukuu wake, amekonda, ana kiu isiyokatika, na sukari yake imepanda hadi kile kipimo kidogo cha kidole kikashindwa kuonesha namba. Mjukuu aliapa kwamba sindano haikukosekana hata siku moja, asubuhi na jioni. Niliwaamini. Nikamuuliza bibi dawa anaiweka wapi.

"Si mliniambia iwekwe penye baridi, daktari?" alijibu, tena kwa fahari kidogo. "Naiweka kwenye friza ya duka la jirani, pale wanapogandishia barafu za watoto."

"Na huwa inaganda, bibi?"

"Inaganda, mwanangu. Lakini nikiitoa haichukui muda, inarudi kuwa maji vilevile. Haijaharibika."

Bibi hakuwa na kosa. Alikuwa ametumia kipimo kilekile nilichofundishwa mimi darasani: kimeganda, kimerudi, basi ni kilekile. Na neno "penye baridi" lilitoka kinywani mwangu, bila nyongeza ya neno moja ambalo lingemwokoa: isigande. Alilazwa, akapewa insulini nyingine, akapona. Chupa yake niliibakiza mezani kwangu muda mrefu. Kwa macho haikuwa na hitilafu yoyote kubwa. Ukiichunguza kwa utulivu ungeona vipande vidogo vidogo vyeupe vilivyong'ang'ania kwenye kioo, lakini nani mwenye macho ya miaka sabini atakayeviona kwa mwanga wa kibatari?

Lililotokea ndani ya chupa ile ni hili. Insulini ni protini, yaani mnyororo uliokunjwa kwa namna maalumu, na kazi yake yote inategemea mkunjo huo. Katika insulini ya mchanganyiko, sehemu kubwa ya dawa huelea kama chembe laini, ndiyo maana chupa ikizungushwa taratibu hufanana na maji yaliyooshea mchele. Barafu inapojijenga huzisukuma chembe hizo zikakaribiana na kushikamana. Barafu ikiyeyuka, maji hurudi kuwa maji, lakini chembe hazitawanyiki tena. Sindano ya leo itavuta dawa kidogo mno, na ya kesho huenda ikavuta bonge zima. Kwa lugha ya darasani, sehemu kubwa ya madhara hayo ni ya kiumbo. Na bado hayarudi.

Kwa hiyo kipimo cha kurudi kinatupotosha, na kinatupotosha pande zote mbili. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje, lakini unga ni mahindi yaleyale. Hakuna kemia iliyopita hapo. Kwa upande wa pili, kila tunapovuta pumzi, oksijeni hujifunga kwenye himoglobini ya damu mapafuni, damu ikageuka nyekundu ya kung'aa, kisha huachiliwa misulini na damu ikarudi kuwa nyekundu iliyokoza. Huo ni mfungo wa kikemikali, na hufungwa na kufunguliwa maisha yetu yote bila sisi kujua. Swali la haki ni jingine: je, maada iliyopo sasa ni ileile ya mwanzo? Na sisi wa tiba tuongeze la pili, ambalo vitabu vya shule havina haja nalo: je, bado inafanya kazi tuliyoitarajia?

Sikusudii kusema kwamba mabadiliko ya kiumbo ni adui. Katika nyumba zisizo na umeme wa uhakika, hayo ndiyo yanayoilinda dawa isipatwe na ya kikemikali. Mtungi wa udongo hutoa jasho: maji hupenya taratibu kwenye kuta zake, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke ukiondoka huondoka na joto. Ukiweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, ukajaza mchanga mbichi katikati na kufunika kwa kitambaa chenye maji, utapata mahali pa kuhifadhi chupa iliyofungwa vizuri kwenye mfuko usiopitisha maji. Joto ndani yake litakuwa pungufu kuliko la chumbani chini ya bati. Wazee wetu hawakuhitaji neno "uvukizaji" ili kunywa maji baridi Oktoba.

Jambo hili limepimwa, tena karibu na kwetu. Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kazi iliyoanzia kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walirekodi joto la nyumba za wagonjwa, kisha wakaiweka insulini maabara kwenye joto la aina hiyo, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 za Selsiasi kwa wiki nne. Nguvu ya dawa haikupungua kwa kiwango cha kutia shaka. Sitaki mtu yeyote ayasome matokeo hayo kama ruhusa ya kuacha chupa dirishani penye jua au kwenye boksi la bodaboda. Chupa ambayo haijafunguliwa bado inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa ina muda wake, kwa kawaida kama wiki nne. Lakini kwa mgonjwa wa kijijini mwenye chupa moja anayoitumia sasa, mtungi kivulini ni salama kuliko friza ya dukani. Sentensi hii ningependa ibandikwe kwenye kila kliniki ya kisukari mkoani Lindi.

Joto hufanya kazi kwa siri kuliko barafu. Wakunga wanaosoma jarida hili wanaijua oksitosini, sindano inayokaza mfuko wa uzazi baada ya mama kujifungua ili damu isiendelee kumwagika. Kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama. Oksitosini ikikaa kwenye joto, molekuli zake huvunjika na kuungana ovyo. Hayo ni mabadiliko ya kikemikali kamili, kama ya tofali tanurini. Lakini kimiminika hubaki angavu kama maji ya mvua. Hakibadiliki rangi wala harufu, wala hakuna kinachotuama chini ya kichupa. Mkunga huchoma sindano, husubiri, mfuko wa uzazi haujikazi, naye hudhani tatizo ni mwili wa mama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa wa dawa iitwayo kabetosini iliyotengenezwa kustahimili joto, na mwaka 2019 dawa hiyo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu. Mahali isipofika, jokofu na kipimajoto chake ndivyo mlinzi wa mama, na karatasi ya kuandikia joto asubuhi na jioni haifai kujazwa kwa siku saba mara moja Ijumaa mchana. Wenzangu mnajua ninachokisema.

Mara chache kemia ina huruma na hujitangaza. Fungua kopo la aspirini lililokaa muda mrefu penye unyevu: likinuka siki, ujue maji ya hewani yamekwisha kuikata dawa vipande viwili, kimojawapo kikiwa asidi ileile ya siki. Litupe. Poda ya chumvichumvi za kuhara ikigeuka kahawia, itupe pia. Ikishikamana tu kidogo kwa unyevu lakini bado nyeupe na inayeyuka vizuri, dawa ni ileile.

Dawa ya unga ya amoksilini kwa watoto inastahili kusemwa peke yake, maana hapo mabadiliko yote mawili hukutana katika chupa moja. Mama hutia maji, hutikisa, na unga huchanganyika na maji. Hilo analiona, na ni la kiumbo, halina madhara. Tangu dakika hiyo, hata hivyo, maji huanza kuivunja dawa kimyakimya. Ndiyo maana maelezo ya chupa hutoa siku chache tu, mara nyingi saba, na husisitiza ubaridi. Nimeona chupa ya namna hiyo ikihifadhiwa miezi mitatu juu ya kabati, ikisubiri mtoto mwingine aumwe, kwa sababu "bado ina rangi yake". Vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kimoja kimoja kwenye kijiko cha maji vimetuondolea mzigo huu kwa kiasi kikubwa, nami hufurahi kila ninapovikuta kwenye dirisha la dawa.

Wauguzi wa chanjo wametutangulia sisi wengine katika elimu hii. Kwenye kichupa cha chanjo kuna duara lenye mraba ndani yake. Mraba huo hutiwa kemikali inayokoza rangi kadiri joto linavyolimbikizana. Ukifanana na duara au ukikoza zaidi, kichupa hakitumiki. Ni badiliko la kikemikali lililofanywa shahidi wa badiliko jingine lisiloonekana. Lakini shahidi huyo hajui habari za barafu. Kwa chanjo zinazodhuriwa na kuganda, kama ile ya pepopunda, kuna jaribio la kutikisa: kichupa kinachoshukiwa huwekwa sambamba na kingine cha aina na toleo lilelile kilichogandishwa kwa makusudi, vyote hutikiswa, kisha huangaliwa kipi mashapo yake hutuama upesi. Kinachotuama sawa na kilichogandishwa hutupwa. Kwa joto kuna chombo kimoja na kwa baridi kuna kingine, na mhudumu mwenye cheti cha miaka miwili huvitumia bila kuchanganya. Basi nani amesema elimu hii ni ngumu mno kwa mwananchi?

Sasa nitoke dawani niingie jikoni, maana huko ndiko kosa la kipimo cha macho lina historia ya uchungu katika ukanda wetu. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Yenyewe imelala ndani ya chembe hai za muhogo, na kimeng'enya kinachoweza kuivunja kimetengwa pembeni. Muhogo ukipondwa, ukilowekwa au ukivundikwa, kuta za chembe hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi huzaliwa. Sianidi ni sumu kali, lakini ni sumu inayoruka: ikipewa muda na hewa hupotea. Hivyo, kwa namna ya ajabu, ili muhogo uwe salama lazima kwanza sumu iachwe izaliwe ndipo iondoke.

Muhogo uliomenywa na kuanikwa mzimamzima kuwa makopa hukauka, na kukauka ni kama tofali bichi: maji yametoka, ila sehemu kubwa ya kilichokuwa ndani imebaki. Makopa meupe, makavu, yanayolia yakigonganishwa, yanaweza kuwa bado na linamarini ya kutosha. Kuupika ugali hakusaidii sana, kwa sababu joto la sufuria huua kimeng'enya kabla ya kumaliza kazi, huku linamarini yenyewe ikistahimili. Mwaka 1988, jirani zetu wa Masasi walipopigwa na ukame na njaa, kaya nyingi ziliacha njia ndefu ya kukausha zikatengeneza chinyanya: muhogo uliopondwa na kuanikwa kwa kurudiarudia, ukaliwa ndani ya siku moja. Unga ulikuwa mkavu na mzuri wa kutazama. Watu walipata sumu, kwa sababu kemia ilikuwa imeanzishwa na haikupewa muda wa kumaliza.

Anayekula sianidi kidogo kidogo kwa majuma mengi, tena bila kunde, samaki wala nyama, anaweza kupatwa na konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi. Ugonjwa huu umewapata Watanzania wa Mara na wa kusini vilevile, na mara nyingi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hospitali haina dawa ya kuurudisha mwendo uliopotea. Hapo ndipo ninapokosa subira na anayesema masuala ya maada ni ya darasani.

Dawa iko kabla ya sufuria, nayo haina gharama. Mtafiti Howard Bradbury wa Australia na wenzake, wakiwemo Watanzania, walibuni na kujaribu njia ya kulowesha unga, ambayo imetumika hata kusini mwa nchi yetu. Tia unga wa muhogo kwenye bakuli, weka alama ya kimo chake ndani ya bakuli. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha pika ugali siku hiyohiyo. Maji yameamsha kimeng'enya kilichokuwa kimelala ndani ya unga, kimeng'enya kimevunja linamarini, na hewa imechukua sianidi. Unga ule ukiutazama kabla na baada, hutaona tofauti yoyote isipokuwa umelowa.

Kuhusu karanga na mahindi nitasema kwa ufupi. Nachingwea ni nchi ya karanga tangu kabla ya Waingereza kuichagua, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuwa moja ya sehemu za mradi wao mkubwa ulioshindwa. Ukungu ukishatengeneza sumukuvu kwenye punje zenye unyevu, kuzianika upya huzuia ukungu usiendelee kukua lakini huiacha sumu. Kukaanga hupunguza kidogo tu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kukausha kunafaa kabla ya ukungu. Baada yake kunasafisha sura tu.

Baadhi ya wenzangu huniambia mgonjwa hana haja ya maelezo haya, anahitaji amri fupi: weka penye baridi, usitumie ikibadilika rangi, anika vizuri. Nawaheshimu, ila siafikiani nao, kwa sababu amri fupi ndiyo iliyompeleka bibi yangu kwenye friza. Amri humfaa mtu pale tu mazingira yake yanapofanana na yale ya aliyeitoa, na sisi tulioisomea mjini tulikuwa na jokofu akilini. Anayejua kwa nini anaweza kujitengenezea amri yake mwenyewe inayolingana na nyumba yake. Na watu wa Ruangwa na Nachingwea wanachoma tofali, wanachoma mkaa, wanapika pombe, na wanabangua korosho wakijua kabisa kwamba mafuta ya ganda bichi huunguza ngozi. Kemia wanaifanya kila siku. Tunachopaswa kuwapa ni daraja kati ya tanuri na dirisha la dawa.

Nilianza kulijenga daraja hilo kwa bibi mwenyewe. Siku ya kutoka wodini nilimweleza habari za mtungi, naye alinisikiliza kama anayeelezwa jambo analolijua. Alirudi kliniki baada ya miezi michache, sukari yake ikiwa nzuri, akiwa na swali. Mtungi wake, alisema, ulikuwa unapoa vizuri Oktoba na Novemba, na kila jioni alilazimika kuongeza maji. Tangu mvua zianze, maji hayapungui na mtungi haupoi. Je, dawa iko salama?

Hakuna aliyemwambia kwamba hewa iliyojaa unyevu haiwezi kupokea mvuke zaidi. Aliliona mwenyewe. Tulikubaliana kwamba msimu wa mvua chupa zake za akiba zikae kwenye jokofu la zahanati ya kijijini, achukue moja moja, na hiyo moja aiweke kwenye mtungi uleule, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Mjukuu aliandika tarehe ya kufunguliwa kwenye karatasi ya chupa kwa kalamu ya wino, wakaondoka.